Mvua imerudi, chemchemi haijarudi

Swali la msomaji: Chemchemi yetu ilikuwa ikijaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 15 hata katikati ya kiangazi. Siku hizi inachukua sekunde 40, na kijito kinachoanzia hapo hukauka kabla mvua hazijaanza. Miaka sita iliyopita vilichimbwa visima virefu vitatu upande wa juu wa mteremko; cha karibu kiko kama mita 500 na cha mbali kama kilomita moja. Wenye visima wanasema walikuta maji mita 70 chini, kwa hiyo si maji yetu, na kwamba visima vyao havijapungua hata kidogo. Misimu miwili iliyopita mvua ilikuwa nzuri, lakini chemchemi haikupanda. Wapo wanaoshauri tulichimbe jicho, yaani tundu maji yanapotokea, liende chini zaidi. Tutajuaje chanzo, na tufanye nini?

Jibu: Kabla ya yote, msilichimbe jicho. Mengine yote nitakayoeleza hapa yanaweza kurekebishwa mkikosea, hilo haliwezi. Sababu nitaitoa mwishoni, kwa sababu ili ieleweke inabidi kwanza tuone ni kitu gani hasa kinachoisukuma chemchemi.

Tuanze na hesabu ya ndoo yenu. Lita 20 kwa sekunde 15 ni lita 1.33 kwa sekunde. Lita 20 kwa sekunde 40 ni lita 0.5. Mmepoteza lita 0.83 kila sekunde, ambazo kwa siku nzima ni mita za ujazo 72. Kisima chenye pampu ndogo ya kutoa mita za ujazo 3 kwa saa, kikivuta saa 8 kwa siku, hutoa mita za ujazo 24. Vitatu vya namna hiyo ni 72. Sijui pampu za majirani zenu zina ukubwa gani, na hata namba zikilingana hivyo huo si ushahidi. Kinachoonekana ni kwamba upungufu wenu uko ndani ya uwezo wa visima vitatu vya kawaida. Hakuna haja ya kutafuta mtetemeko wa ardhi wala mwamba uliopasuka.

Chini ya kilima chenu hakuna ziwa wala mto uliojificha. Kuna mchanga, changarawe au mwamba wenye nyufa, na maji yamejaza nafasi zilizomo. Tabaka la namna hiyo, likiwa linapitisha maji ya kutosha kuvutwa, ndilo linaloitwa akwifa. Mvua huingia juu, maji hushuka mpaka yakute sehemu iliyokwisha kujaa, kisha husogea pembeni polepole kuelekea mahali pa chini pa kutokea. Uso wa juu wa sehemu iliyojaa haujalala sawa kama maji ya bwawa. Umeinuka chini ya kilima na kushuka kuelekea bondeni. Pale unapokatana na uso wa ardhi, maji hutoka. Yakitoka kwenye tundu moja tunaita chemchemi. Yakichuruzika kimya kimya kwenye ukingo na sakafu ya kijito hatuyapi jina, lakini ndiyo yanayoufanya mto utiririke hata miezi mitatu baada ya mvua kukoma.

Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyekuwa amejenga mfumo wa maji wa mji wa Dijon, alichapisha majaribio ya kupitisha maji kwenye nguzo ya mchanga. Alikuta kwamba kiasi kinachopita hulingana na mteremko wa maji yenyewe: tofauti ya kimo ikipungua nusu, mtiririko nao hupungua nusu. Tuseme mita 200 nyuma ya jicho lenu uso wa maji ndani ya kilima uko mita 2 juu ya jicho. Mita hizo 2 ndizo nguvu yote ya chemchemi. Zikishuka kwa mita 1, mnabaki na kama nusu ya maji. Zikishuka zote mbili, chemchemi inakauka, na huku chini ya jicho bado kuna makumi ya mita za mwamba uliojaa maji tele.

Sasa mtazame mwenye kisima. Pampu yake imening'inizwa ndani ya maji yenye kimo cha mita 50. Uso wa maji ukishuka mita 1, amepoteza sehemu moja katika hamsini. Haoni tofauti. Anaposema kisima chake hakijapungua anasema kweli, nanyi mnaposema chemchemi imebaki chini ya nusu mnasema kweli pia. Chemchemi na kijito hutegemea sentimita za juu kabisa za tabaka la maji, kwa hiyo huumia kwanza. Chemchemi za Comal huko Texas, Marekani, zinazolishwa na tabaka la chokaa la Edwards, ziliacha kutoka kwa siku 144 mwaka 1956, ukame wa miaka kadhaa ulipokutana na uvutaji wa visima. Ndani ya tabaka maji yalikuwa bado mengi, ila uso wake ulikuwa umeshuka chini ya matundu. Kissengen, chemchemi ya Florida, iliacha kutiririka mwaka 1950 baada ya uvutaji kushusha shinikizo lililokuwa likiisukuma.

Maji ya kisima lazima yatoke mahali fulani. Mwaka 1940 Charles Theis, mtaalamu wa maji ya ardhini wa Marekani, alilieleza jambo hili kwa namna ambayo haijapitwa na wakati. Kabla ya kuchimbwa visima, kinachoingia kwenye tabaka na kinachotoka vilikuwa vimekaribia kulingana kwa muda mrefu. Ukiongeza tundu jipya la kutokea, yaani kisima, maji yake yanatoka kwenye mojawapo ya sehemu tatu: akiba inapungua, yanayoingia yanaongezeka, au yanayotoka kwa njia za asili yanapungua. Mwanzoni karibu yote hutoka kwenye akiba. Kadiri miaka inavyokwenda, sehemu inayotoka kwa chemchemi na mito huongezeka, mpaka mwisho kisima kinakunywa karibu kabisa kutoka huko. Ndiyo maana hoja ya kwamba "tunavuta kiasi kile kile kinachoingizwa na mvua, kwa hiyo hatudhuru" si sahihi, ingawa husikika hata kwa watu waliosoma. Maji yanayoingizwa na mvua tayari yalikuwa na pa kwenda. Ukiyavuta yote, chemchemi haitapata kitu.

Kuhusu mita 70. Kina ambacho mashine ilikuta maji hakisemi maji ni ya nani. Mtakachouliza ni kwamba, baada ya kufika mita 70, maji yalipanda mpaka kimo gani ndani ya bomba? Mara nyingi hupanda sana, kwa sababu yalikuwa yamebanwa chini ya tabaka la udongo wa mfinyanzi au mwamba usiopitisha. Kimo hicho cha kutulia huandikwa kwenye ripoti ya uchimbaji, pamoja na orodha ya matabaka yaliyopitiwa na matokeo ya jaribio la pampu. Ombeni nakala. Kisha linganisheni kimo cha maji na kimo cha jicho. Kama mdomo wa kisima uko mita 40 juu ya jicho la chemchemi, na maji yalitulia mita 18 chini ya mdomo, basi maji ya kisima yalisimama mita 22 juu ya jicho, na yana kila sababu ya kuelekea kwenu. Kama yalitulia chini ya kimo cha jicho tangu siku ya kwanza, uwezekano wa kwamba ndiyo yaliyokuwa yakiwalisha ni mdogo. Msipime vimo hivi kwa simu. Kosa lake linaweza kupita mita 10. Tumieni bomba jembamba la plastiki linaloonekana ndani, lililojazwa maji bila mapovu, kama mafundi ujenzi wanavyosawazisha msingi, na mpande mteremko hatua kwa hatua. Ni kazi ya siku moja au mbili na kosa lake ni sentimita chache.

Linalowachanganya watu wengi zaidi ni ucheleweshaji. Visima vilianza miaka sita iliyopita, chemchemi ikapungua polepole, na kwa kuwa hakuna siku moja inayoonyesha "kabla" na "baada", kila mtu anabaki na imani yake. Kuna kanuni rahisi inayotoa kipimo cha muda huo: umbali mara umbali, mara S, gawanya kwa T. S ni kiasi cha maji ambacho kila mita ya kushuka hutoa kwenye akiba. Kwa tabaka lililo wazi juu ni kama 0.1 hadi 0.25. T ni uwezo wa tabaka lote kupitisha maji, kwa mita za mraba kwa siku, na hupatikana kwenye jaribio la pampu. Chukua umbali wa mita 500, S ya 0.1 na T ya 250. Jibu ni siku 100. Maana yake ni kwamba baada ya siku 100 za kuvuta mfululizo, karibu nusu ya kila lita inayotoka kisimani, asilimia 48, ni lita iliyokosekana mtoni au kwenye chemchemi. Weka kisima mita 1,000, muda unakuwa siku 400. Umbali umeongezeka mara mbili, muda mara nne.

Kinachoshangaza zaidi ni pampu inapozimwa. Kisima hicho cha mita 1,000 kikivuta siku 100 kisha kikanyamaza, siku kinapozimwa kinanyang'anya mto kama asilimia 16 ya kiasi kilichokuwa kikivutwa. Baada ya kuzimwa athari haishuki, inaendelea kupanda. Inafika kilele cha kama asilimia 21 siku 40 hivi baadaye, na siku ya 100 tangu kuzimwa bado iko kwenye asilimia 16. Shimo lililoachwa kwenye uso wa maji linaendelea kutanuka pembeni likitafuta maji ya kujazia, na chemchemi iko njiani. Kwa hiyo "tulizima mwezi mzima, chemchemi haikuongezeka" si utetezi wa kisima cha mbali.

Kanuni hii imejengwa juu ya mto ulionyooka na tabaka linalofanana kila mahali, na kilima chenu hakiko hivyo. Itumieni kujua kama mnangoja siku, miezi au miaka, si kukata kesi. Tena S hubadilisha kila kitu. Katika tabaka lililobanwa, S inaweza kuwa 0.0005. Kwa mita 500 zile zile, siku 100 zinakuwa nusu siku. Hapo pampu ikiwashwa asubuhi, chemchemi inaweza kuonyesha athari kabla ya jua kuzama. Tena kinachosafiri haraka hivyo ni shinikizo, maji yenyewe ni ya taratibu mno: katika mchanga mzuri wenye uwezo wa kupitisha mita 10 kwa siku, mteremko wa mita 1 kwa kila 200 na nafasi za asilimia 20, maji husogea kama robo mita kwa siku, mita 90 hivi kwa mwaka. Kisima hakihitaji kuyakamata maji yaliyokuwa yakija kwenu. Kinatosha kushusha mteremko uliokuwa ukiyasukuma.

Na mvua je? Kwanza udongo hunywa. Baada ya kiangazi kirefu, milimita nyingi za mwanzo hubaki kwenye mizizi na kurudi hewani bila kufika chini. Pili, mvua ile ile ikianguka kwenye ardhi iliyokanyagwa, iliyochimbika makorongo au iliyoezekwa mabati, hukimbia. Tatu, mvua nzuri kwa mahindi si lazima iwe nzuri kwa chemchemi. Karibu na Dodoma, Tanzania, kumbukumbu za zaidi ya nusu karne kutoka visima vya Makutapora zimeonyesha kwamba maji ya ardhini hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kawaida, mara nyingi ya El Niño, na miaka ya katikati huchangia kidogo sana. Nne, ulizeni mvua ilinyesha wapi. Maji ya chemchemi za Mzima nchini Kenya huanza kama mvua kwenye vilima vya volkano vya Chyulu, makumi ya kilomita kutoka yanapotokea. Mvua iliyonyesha kando ya chemchemi zenyewe haihusiki.

Halafu kuna deni. Uso wa maji ukiwa umeshuka mita 1 katika eneo la kilomita moja ya mraba, na S ni 0.1, pengo la kujaza ni mita za ujazo 100,000. Misimu mizuri ikiongeza milimita 50 za ziada juu ya kawaida, kila mwaka inaleta 50,000. Miaka miwili mizima ya neema inakwisha kwa kulipa deni, na hiyo ni kama pampu zimelala.

Sasa kupima. Bila namba mtabishana miaka mingine sita. Endeleeni na ndoo, lakini kwa utaratibu: maji yote yapite kwenye bomba moja, pimeni mara tano mfululizo, tupeni kipimo kilichojitenga, chukueni wastani, andikeni tarehe na saa. Mara moja kwa wiki inatosha. Chemchemi ikizidi lita 2 kwa sekunde, ndoo hujaa haraka mno. Wekeni bamba la chuma au plastiki ngumu lenye pengo la V la nyuzi 90, ukingo ukiwa mkali kama kisu upande wa juu, maji yanakojia. Kimo cha maji juu ya ncha ya V kikiwa sentimita 5, mtiririko ni lita 0.77 kwa sekunde. Sentimita 10 ni 4.4, sentimita 15 ni 12, sentimita 20 ni 24.7. Kimo kipimwe nyuma ya bamba, kwa umbali usiopungua mara nne ya kimo kikubwa mnachotarajia, maana karibu na pengo uso wa maji huinama. Maji lazima yaanguke huru upande wa pili. Makosa ya kawaida ni mawili: maji yanapita chini ya bamba kwa sababu mfinyanzi haukushindiliwa, na matope yanajaa nyuma mpaka karibu na ncha. Kwenye kimo cha sentimita 5, kosa la milimita 1 ni kosa la asilimia 5 ya maji, kwa hiyo rula ifungwe imara, isishikwe kwa mkono.

Visima navyo vipimwe kina cha maji, na hapa kosa kubwa ni kupima pampu ikiwa inafanya kazi au imezimwa punde. Pimeni alfajiri, baada ya usiku mzima wa kupumzika.

Baada ya kiangazi kimoja mtakuwa na kitu cha kusoma. Chemchemi isiyosumbuliwa, mvua ikishakoma, hupungua kwa uwiano ule ule kila mwezi. Ikianza na lita 1.2 na mwezi unaofuata ni 0.96, basi unaofuata utakuwa karibu 0.77: kila mwezi asilimia 80 ya uliotangulia. Mwaka wa mvua haba utaanza chini zaidi, lakini utashuka kwa uwiano huo huo. Pampu hufanya kitu tofauti, huondoa kiasi kilicho karibu sawa kila mwezi. Toa lita 0.3 kila mara, upate 0.9, 0.66, 0.47, 0.31. Uwiano sasa ni asilimia 73, kisha 71, kisha 67. Unazidi kuporomoka badala ya kutulia. Mkiona hivyo, kuna kitu kinachovuta mfululizo, si mvua peke yake iliyokosekana. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo chenye thamani kubwa kuliko vyote kwa watu wasio na vifaa, na hakihitaji kibali cha mwenye kisima.

Kuna mvutaji mwingine wa kumwondoa kwenye hesabu: miti. Mikaratusi na miti mingine yenye mizizi mirefu ikiota karibu na jicho hunywa moja kwa moja kutoka kwenye tabaka. Alama yake ni ya saa, kwa kuwa miti hunywa mchana na kulala usiku. Pimeni alfajiri na tena saa tisa alasiri kwa siku kadhaa zisizo na mvua. Kama alasiri huwa chini na alfajiri maji yamerudi, miti ina sehemu yake. Pampu iliyo mita mia kadhaa mbali kwenye tabaka lililo wazi haiachi alama ya kila siku, maana mwendo huo mrefu hulainisha kuwashwa na kuzimwa. Kwenye tabaka lililobanwa inaweza kuiacha, kwa hiyo andikeni pia saa za pampu.

Mkiweza kukubaliana na wenye visima, fanyeni jaribio. Pimeni chemchemi kila siku kwa siku 10 pampu zikiendelea kama kawaida, kiangazi, mvua ikiwa imekoma zamani. Zimeni kisima cha karibu peke yake kwa muda mtakaoweza kustahimili, wiki mbili au zaidi, huku mkipima. Washeni tena, pimeni wiki mbili nyingine. Mnachotafuta si chemchemi kuongezeka tu, bali mstari wa kushuka kulegea baada ya kuzima na kukaza baada ya kuwasha. Mabadiliko ndani ya siku mbili tatu yanaonyesha tabaka lililobanwa au ufa unaounganisha moja kwa moja. Kutoona kitu kwa wiki mbili hakumwachi kisima huru. Rudini kwenye ile hesabu ya muda kwanza.

Matokeo yakielekea kwenye visima, makubaliano yanapaswa kufuata muda wa kila kisima. Cha karibu kinaweza kupunguzwa au kupumzishwa kuanzia mwisho wa mvua, na kiangazi hicho hicho mtapata sehemu ya maji yake. Cha kilomita moja hakisaidii kukizima kiangazi. Athari yake imeshalipiwa miezi mingi kabla. Kwa hicho hesabu ni ya mwaka mzima: mita ya maji kwenye bomba, na kikomo cha jumla. Kuhamishia uvutaji wote kwenye kisima cha mbali, jambo ambalo hupendekezwa mara nyingi, huchelewesha tu hasara. Wala msiwaombe wenye visima wafunge kabisa kama watu wanakunywa humo. Ombeni kwanza uvujaji wa mabomba na umwagiliaji wa mchana vishughulikiwe, maana huko ndiko maji hupotea bila mtu kuyahitaji.

Kuingiza maji ardhini kunasaidia, mradi mhesabu. Mtaro wa kingamaji wenye urefu wa mita 10, upana na kina cha nusu mita, hubeba mita za ujazo 2.5. Arobaini hubeba 100. Zikijaa na kunywewa mara 10 katika msimu, ni 1,000, sawa na wiki mbili za chemchemi ya lita 0.8 kwa sekunde, na mizizi itachukua chake humo. Si muujiza, lakini ni kitu, na pia mnazuia mmomonyoko. Ichimbeni sehemu ya juu ya mteremko, kwenye udongo unaonywa. Jaribuni kwanza: shimo la sentimita 30, jazeni maji mara mbili ili udongo ulowe, mara ya tatu mpime saa. Maji yaliyosimama mpaka kesho yake yanawaambia hapo pana mfinyanzi na mtaro utazaa mbu. Kwa sababu hiyo hiyo bwawa linaloshika maji vizuri halilishi chemchemi.

Tulifikie jicho. Kulichimba liende chini ni kushusha tundu la kutokea. Mteremko wa maji unaongezeka ghafla, na kwa wiki kadhaa maji huongezeka kweli. Hapo ndipo watu hushangilia. Lakini yale ni ya akiba, yanatoka haraka kuliko yanavyoingia, na uso wa maji unashuka kufuata tundu jipya. Kiangazi kinachofuata mnarudi mlipokuwa au chini zaidi. Hatari kubwa ni kwamba chemchemi nyingi hukaa juu ya tabaka jembamba la mfinyanzi linaloyazuia maji yasizame. Sururu ikilitoboa, maji hupita chini na jicho hubaki kavu hata masika. Baruti ni mbaya zaidi, kwa sababu hufungua nyufa msizoweza kuziona wala kuziziba.

Kinyume chake nacho ni kosa. Mkijenga kisanduku cha saruji kulikinga jicho, bomba la kutolea ziada liwe chini kidogo ya kimo ambacho maji yalikuwa yakitoka kwa asili, na liweze kupitisha mtiririko mkubwa wa masika. Likiwekwa juu, maji yaliyorundikana husukuma nyuma, yanapunguza ule mteremko, na baada ya muda yanatafuta upenyo mwingine nje ya ukuta. Nyuma ya ukuta wekeni mawe safi na changarawe, juu yake mfinyanzi ulioshindiliwa. Mfereji wa kukatiza maji ya mvua upite mita 8 hadi 10 upande wa juu, na choo kisiwe karibu ya mita 30, mbali zaidi kama mwamba una nyufa. Kama kimejengwa kisanduku katika miaka hii sita, kikagueni kabla ya kumlaumu jirani: tafuteni majimaji mapya pembeni na upande wa chini.

Mkifanikiwa kupunguza uvutaji, msitegemee ndoo kujaa kwa sekunde 15 mwaka ujao. Dalili ya kwanza itaonekana mwishoni mwa kiangazi, kwenye ule uwiano wa mwezi kwa mwezi: asilimia 67 itapanda kuwa 70, kisha 74, huku masika maji yakionekana bado yale yale. Kijito kitachelewa kukauka kwa siku chache, halafu kwa wiki. Baadaye sana ndipo kipimo cha masika nacho kitaanza kupanda.